Kata ya Mama Domitila

Mvua za mwaka huu zimeangusha ukuta wa nyuma wa jiko la marehemu mama, nami nikaamua tulibomoe lote kabla halijamwangukia mtu. Ninyi wa rika langu mliokulia huku Kasulu mnaijua harufu inayotoka jiko la zamani linapovunjwa. Kuna masizi, kuna mawese yaliyonyonywa na kuta, kuna moshi wa kuni za miyombo, na chini ya hayo yote kuna udongo mbichi, kana kwamba matofali hayakuwahi kukauka. Nilikuwa nimesimama ndani ya harufu hiyo, sululu mkononi, nilipokiona kigingi kando ya mlango. Kata ilikuwa bado inaning'inia.

Nimekuwa babu kabla meno hayajaanza kung'oka. Vijana wananiita mzee, na sijisumbui tena kuwakatalia. Lakini mbele ya kile kigingi nilirudi kuwa mtoto wa darasa la tano, na nilitamani ukuta uniangukie.

Jiko lile lilikuwa la bibi yangu mzaa baba kabla halijawa la mama. Kata zake za kibuyu, za kuchotea maji na kunywea togwa, zilikaa ndani ya ungo mmoja, zikigongana kila mtu alipoingiza mkono. Hii ilikuwa na mahali pake. Mpini wake ni mrefu na umepinda kidogo kama shingo ya bata, na mdomo umezungushiwa nakshi za kuchomwa kwa waya wa moto. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilipokuwa mdogo sana niliiteremsha ninywee maji, na bibi, ambaye hakuwa mtu wa kupiga watoto, akanichapa kiganja cha mkono.

"Hiyo ni ya Mama Domitila," alisema. "Ya Mama Domitila tu. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Mama Domitila alikuwa mfinyanzi. Aliishi ng'ambo ya bonde, karibu na kinamasi chenye udongo mweusi, na baada ya mavuno alikuja kwetu na vyungu vilivyofungwa kwa kamba za migomba, akaondoka na maharage. Watu walisema yeye na nduguze ni Watwa, kwamba wazee wao walitoka upande wa Burundi kabla baba yangu hajazaliwa, na kwamba hawajawahi kuwa na shamba. Kwangu neno Mtwa lilikuwa kama mhunzi au fundi seremala. Nilidhani ni jina la kazi.

"Mwakeye, mama wee!" aliita tangu njia panda, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike kabla hajafika.

"Mwakeye!" bibi alimjibu kutoka jikoni. "Umekuja na kile kikubwa nilichokuambia?"

"Nimekuja nacho. Kigonge mwenyewe usikie."

"Kaa hapo, nikuletee togwa."

Hapo palikuwa barazani, juu ya jani la mgomba. Bibi aliiteremsha kata kwa vidole viwili. Aliinua chungu cha togwa juu, akamimina kutoka mbali, kwa uangalifu kabisa, midomo ya vyombo viwili isigusane. Kisha hakumkabidhi mkononi. Aliiweka chini mbele yake na kurudi nyuma hatua kadhaa, naye Mama Domitila akaiokota, akanywa, akairudisha pale pale. Maharage yalimiminwa kwenye kikapu chake kutoka juu vivyo hivyo. Alipoondoka, bibi aliisuuza kata mwenyewe. Mama yangu, ambaye ndiye aliyeosha kila chombo cha nyumba ile, hakuruhusiwa.

Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, na nikayaelewa kinyume.

Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya padri. Mara chache padri alipita nyumbani kwetu, na yeye pia alikuwa na kikombe chake. Kilikuwa cheupe chenye ua la buluu, kikafungiwa kabatini, na mtoto aliyekigusa alikiona cha moto. Padri naye hakupewa kikombe mkononi. Kiliwekwa mezani mbele yake na mama akarudi nyuma. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Katika watu wote waliofika kwetu, ni wawili tu waliokuwa na chombo kisichoguswa na wengine.

Siku moja nilimuuliza bibi, "Mama Domitila ni mkubwa kama padri?"

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Ego, ndiyo, mwana wanje! Mkubwa kabisa huyo!"

Nikakichukua kicheko kile kuwa ni furaha ya kuona nimeanza kupata akili.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakivuka mpaka kutoka Burundi kwa miguu, magodoro vichwani, na malori ya kuwapeleka kambini yalipokuwa yakitimua vumbi jekundu lililotanda juu ya mibuni yetu hadi majani yakasahau rangi yake. Pamoja na malori hayo zikaja sufuria nyepesi na madumu ya njano ya plastiki. Vilifika hadi magulio ya vijijini, na kina mama wakaacha polepole kununua vyungu. Nadhani ndipo Mama Domitila alipoamua kwamba binti yake hataishi kwa udongo. Akampeleka shule kubwa.

Shule yetu ilikuwa mbali, upande wa Makere, na ilikusanya watoto wa vijiji vingi. Domitila, aliyeanzia shule ndogo ng'ambo ya bonde, aliingia darasa letu akiwa amenyoa kichwa, sketi ya buluu yenye kiraka, na kucha alizozisugua kwa jiwe mpaka zikawa nyekundu. Hakuna aliyemjua, isipokuwa mimi. Siku ya kwanza, wakati wa kwenda kuchota maji ya shule, alinisubiri kwenye kona ya njia.

"Unanijua," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nakujua. Wewe ni mtoto wa Mama Domitila."

"Usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Usiwaambie tu kwamba mama anafinyanga. Ukiulizwa, mimi natoka ng'ambo ya bonde, basi."

Nikakubali. Shuleni tulikuwa na mtoto wa bwana mmoja wa serikalini ambaye naye alikuwa amekatazwa na baba yake kujitangaza. Nilidhani ndivyo watoto wa wakubwa wanavyolelewa.

Tukawa marafiki. Alikuwa mcheshi, na alijua kuwaigiza walimu wote, hasa Mwalimu Filimoni, mwalimu wetu wa darasa, namna alivyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Kwenye kona ya darasa ulisimama mtungi wa maji ya kunywa, na kando yake kikombe kimoja cha plastiki kilichofungwa kwa uzi, tulichonywea sote. Domitila alinifundisha kuugonga mtungi ule kwa fundo la kidole na kusikiliza. Chombo kizima, alisema, kinajibu. Chenye ufa kinanung'unika. Kisha akachungulia kama kuna mtu karibu, akanishika mkono na kuuweka chini ya shingo ya mtungi. Palikuwa na kibonyo kidogo.

"Ni kidole changu," alinong'ona. "Nilikuwa mdogo, nikaugusa kabla haujakauka. Mama akasema uache ubaki hivyo."

"Kwa hiyo mtungi huu ni wa kwenu?"

"Nyamaza!"

Alinieleza pia alichokuwa anakitaka, nami nakumbuka maneno yake kwa sababu hakuna mtoto mwingine aliyesema hivyo kati yetu. Sisi tulitaka kuwa madereva wa malori. Yeye alitaka kumaliza darasa la saba, afaulu, aende sekondari ya mbali. "Mbali mpaka wapi?" nilimuuliza. "Mpaka kusikokuwa na mtu anayelijua bonde letu."

Mtihani wa muhula ulipotoka, Domitila alikuwa wa kwanza. Aliwapita hata wavulana wakubwa waliokuwa wamerudia darasa. Nilifurahi kama niliyefaulu mimi. Jioni ile, nikimtazama bibi akipuliza moto, nilipata wazo ambalo mpaka leo sijui kulitaja kwa jina gani. Ubaya haukuwa ndani yake. Asubuhi, bibi alipotoka kwenda shambani, niliiteremsha kata, nikaifunga ndani ya shati langu la michezo, nikaenda nayo shuleni.

Nilisubiri mapumziko, watu wakiwa wamejaa kuzunguka mtungi. Nikaitoa.

"Hii ni ya mama yako," nilimwambia Domitila kwa sauti, ili wote wasikie. "Kwetu hakuna anayeinywea ila yeye. Leo nimekuletea wewe, kwa kuwa umekuwa wa kwanza."

Uso wake ulizimika. Nilidhani anaona haya.

Sadoki alikuwa ameketi juu ya dawati. Alikuwa mkubwa kuliko sisi, mtoto wa kijiji jirani, na ndiye aliyekuwa akituchekesha darasani. Aliteremka, akaja kuitazama kata.

"Kwenu inakaa wapi hiyo?"

"Kwenye kigingi chake."

"Mwenyewe akija ananywea wapi? Ndani?"

"Hapana, barazani."

"Anapewa mkononi?"

"Anawekewa chini," nilisema kwa fahari. "Bibi anarudi nyuma."

Nilijibu kila swali. Sadoki akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Na sisi tunayo," alisema. "Ya kwetu inachomekwa kwenye nyasi za paa la choo." Kisha akageuka, akapasua kicheko. "Jamani! Jamani njooni! Kumbe tunakunywa na Mtwa!"

Sijawahi kuona darasa likigeuka kwa haraka vile. Watoto wa vijiji vyetu walielewa wote, kila mmoja alikuwa na bibi yake na kigingi chake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado sijaelewa. Wengine wakatema mate. Editha, aliyekuwa akikaa dawati moja na Domitila na kula naye mahindi ya kuchoma, alijifuta ulimi kwa pindo la sketi.

"Mimi nimekunywa asubuhi, nitakufa?" mtoto mmoja aliuliza, machozi yakimlenga.

"Hufi," Sadoki alisema. "Utaanza tu kufinyanga."

"Utafinyanga mpaka mahari yako iwe vyungu!"

"Na wewe mkimbizi, rudi kwenu na udongo wenu!"

Domitila aliichukua kata mkononi mwangu. Akaizamisha ndani ya mtungi, wakapiga kelele, "Asichote! Asichote!" Yeye akachota, ikajaa, akanywa yote bila kupumzika, macho yake yakinitazama mimi juu ya zile nakshi. Alipomaliza, aliitundika kata kwenye msumari uliokuwa ukishika ramani, akaenda kukaa mahali pake.

Mwalimu Filimoni aliingia kwa sababu ya kelele. Alikuwa mtu mwema. Alitununulia chaki kwa fedha zake na hakuwahi kutuchapa tukiwa na njaa. Alisikiliza pande zote, akakohoa. "Basi," alisema. "Domitila atumie kata yake, ninyi tumieni kikombe. Sitaki ugomvi darasani kwangu." Akaandika tarehe ubaoni. Alidhani ameamua shauri.

Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani wavulana waliubeba mtungi hadi nyuma ya shule, wakaufanya shabaha ya mawe. Nilikuwapo. Ulichukua muda kuvunjika, maana ulikuwa umechomwa vizuri. Siku iliyofuata mahali pake pakawekwa dumu la njano.

Nyumbani bibi alikuwa amekwisha kuona kigingi kitupu. Hakunichapa safari hii. Nilipomweleza, alikaa chini juu ya kinu kilicholala, akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

"Hatunywi nao, mwana wanje," alisema. "Wala hatuli nao."

"Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyokuta."

"Lakini togwa unampa."

"Mtu akifika kwako na kiu utamnyima? Mimi si mtu mbaya."

"Na vyungu vyake? Mbona tunapikia?"

Bibi akaniambia nikafunge mbuzi. Simlaumu sana. Alikuwa mwanamke aliyegawa chakula chake kwa kila aliyepita njiani miaka ile ya taabu, na nafikiri hakuwahi kuulizwa swali lile na mtu yeyote.

Mnaweza kufikiri kwamba baada ya kuelewa nilisimama upande wa Domitila. Ningependa iwe hivyo. Kuelewa kulinifanya niogope. Nilikuwa mtoto aliyekula naye, kucheza naye, na Sadoki alikwisha kuanza kuniita bwana harusi wa vyungu. Nikahamia dawati la mbele. Alipoigiza kikohozi cha mwalimu, kwa sauti ndogo, akitafuta kama nitacheka, sikugeuka.

Yeye aliendelea kuja. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Kila asubuhi alikuwa pale, kucha zake zimesuguliwa, peke yake kwenye dawati la watatu. Wakati wa mchakamchaka hakuna aliyekimbia karibu naye. Watoto walibuni mchezo: aliyegusana naye kwa bahati mbaya alikuwa "amepakwa," na ilimbidi amguse mwingine haraka ili ajitakase. Hata wadogo wa darasa la kwanza waliucheza mchezo huo bila kujua unatoka wapi. Kwenye msumari ile kata iliendelea kuning'inia chini ya ramani ya Tanzania.

Kisha ikaja siku ya kuvuna maharage ya shamba la shule. Jua lilikuwa kali, maganda yalikuwa yametuchoma mikono, na wote tulirudi kwenye kivuli cha darasa midomo ikiwa imekauka. Foleni ilipangwa kwenye dumu. Mimi nilikuwa karibu mwisho. Domitila alitoka darasani na kata imejaa, akitembea polepole maji yasimwagike, akapita foleni nzima mpaka mbele yangu.

"Kunywa," alisema.

Sadoki, aliyekuwa ameshika kikombe, aliacha maji yatiririke ardhini.

"Wewe ndiye uliyeileta," Domitila alisema. Hakuwa na hasira; sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza hesabu. Kisha akasogea, akasema chini kwa chini, mimi tu nisikie. "Ukinywa wewe, Editha atakunywa. Editha akinywa, imekwisha. Naomba."

Sijawahi kuwa na kiu kama ile. Niliyaona maji yakicheza ndani ya kata, na kipande cha anga ndani ya maji. Mikono yangu ikaenda nyuma ya mgongo yenyewe.

"Sina kiu," nilisema.

Nyuma yangu mtu akacheka. Domitila alisubiri kidogo, labda akidhani nitabadilika. Kisha akayamwaga maji juu ya vumbi, taratibu, akaitundika kata mahali pake. Sikumwona tena darasani. Wiki iliyofuata tulisikia mama yake amehama na watoto, amekwenda Kibondo, kwa sababu kambini Mtendeli kulikuwa na maelfu ya watu waliofika bila chombo cha kupikia, na huko chungu bado kilikuwa na maana.

Muhula ulipoisha nilichukua kata nikairudisha nyumbani. Bibi aliisuuza, akaitundika kwenye kigingi. Kila mavuno alikuwa akiinua kichwa akisikia sauti njia panda. Sufuria aliyonunuliwa na baba haikumpendeza. Alisema inaunguza maharage. Alikufa akimsubiri yule mfinyanzi, nadhani kwa namna yake alikuwa na hamu naye, na kata aliiacha pale pale.

Mimi nilifaulu. Nikiwa sekondari, likizo moja, mjomba alinichukua kwenye lori lake la maharage kwenda Kibondo. Tulisimama kwenye soko lililoota kando ya njia ya kambi, mahali palipojaa Kiswahili cha Kongo na Kirundi na ushindani wa redio. Niliviona vyungu kabla sijamwona mwenyewe. Mama Domitila alikuwa amepungua, ameketi juu ya gunia. Pembeni yake msichana aliyejifunga kanga mbili alikuwa akimgongea mteja chungu kwa fundo la kidole, kichwa kimeinama, akisikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinikazia macho, halafu akatabasamu. "Si mjukuu wa yule bibi wa togwa? Umekuwa mtu mzima! Bibi hajambo?"

"Alitutoka, mama."

"Yoo! Alikuwa mwema yule. Hakuwahi kuniacha niondoke na kiu." Alisema kwa moyo wake wote. Nilishindwa kumtazama.

Nikamuuliza habari za hapo. Akasema vyungu vinakwenda, ila watu ni wale wale. "Mtu amekimbia hana hata kiatu," alisema, "lakini akifika kwako anauliza kwanza baba yako alikuwa nani. Akishajua, chungu anachukua, maji yako hanywi." Akacheka, akainuka kwenda kumfuata mteja aliyekuwa akiondoka.

Nikabaki na Domitila. Shule hakurudi. Hakuna aliyeniambia, nililiona kwenye kucha zake, zilizokuwa zimejaa udongo na hazikusuguliwa tena.

"Unataka chungu?" aliniuliza.

"Hapana. Nilikuwa..."

"Kama hutaki chungu unawazibia wateja."

Kando ya mguu wake palikuwa na mtungi mdogo na kikombe juu ya kifuniko. Nilikuwa nimekaa na maneno miaka ile yote, na yote yakapotea, yakabaki mawili.

"Nina kiu," nilisema. "Nipe maji yako ninywe."

Aliutazama mtungi, kisha soko lote, wale watu waliokuwa wakipita bila kutujali. Alipogeuka kwangu nilidhani ataniigizia mtu, kama zamani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Hapa hakuna anayekujua," alisema. "Hapa hata Sadoki angekunywa." Akanyoosha kidole. "Bomba liko pale."

Mjomba alipiga honi. Nikaondoka. Sijui walikokwenda baadaye. Nilirudi Kibondo nikiwa mtu mzima, nikauliza, na kila niliyemuuliza alinijibu kuhusu watu wengine.

Basi juzi tulikuwa tunabomoa jiko, mimi, wanangu na majirani. Mmoja wa majirani ni Sadoki, aliyehamia kijijini kwetu zamani. Tumezeeka pamoja, amekuwa mtu wa watu, mazishi yote ya mtaa yeye ndiye anayechimba wa kwanza, na siku mama alipofariki alilia kuliko mimi. Niliitoa kata, nikapangusa masizi, nikaiweka juu ya tofali wakati ninatafuta la kufanya nayo. Sadoki aliiona. Alisimamisha jembe.

"Hee! Bado ipo?"

Kabla sijamjibu, mjukuu wangu mdogo alikuja mbio kutoka uani, jasho limemchora mistari kwenye vumbi la uso. Akainyakua kata, akaizamisha kwenye ndoo, akanywa. Alikunywa kama ndama, kwa sauti, maji yakimshukia kifuani. Sadoki alinitazama, mdomo wazi kidogo. Nilijua anasubiri nimkemee mtoto.

"Babu, hii nzuri," mtoto alisema. "Ya nani?"

"Ya Domitila."

"Domitila ni nani?"

"Tulisoma naye. Alikuwa wa kwanza darasani."

"Alikupita na wewe?"

"Alitupita wote."

Akanicheka, akakimbia zake. Nikachota, nikanywa. Maji yalikuwa na ladha ya moshi. Nikachota tena, nikamnyooshea Sadoki, mpini ukiwa upande wake. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni. Aliitazama kata, akaifuta mikono yake kwenye suruali mara kadhaa, kama anayejiandaa kupokea.

"Mimi nimekunywa nyumbani," alisema mwishowe, akaliinua jembe lake.

Ningemwambia nini, na mimi ndiye niliyetangulia kusema sina kiu? Nilikwenda uani, ambako mke wangu na kina mama walikuwa wanaosha vyombo vya chakula cha mchana, nikaitumbukiza kata ndani ya beseni, katikati ya vikombe vyote.